Jembe Langu katika Bustani ya Mama Yunia

Wenzangu mnaobaki kazini, siku ile mliponiaga kwa keki na kanga mbili mliniomba niwaachie maandishi kuhusu miaka yangu ya uafisa ugani. Mmoja wenu alinipendekezea hata kichwa: "Mafanikio na Changamoto." Maneno hayo nimeyaandika katika ripoti nyingi mno, na sina hakika kama bado yana maana yoyote. Vyeo nilivyopanda mtavikuta katika faili langu, ambalo ni jembamba na halisisimui. Mimi nitaandika kuhusu tunda moja, kuhusu mwanamke aliyelijua kuliko mimi, na kuhusu kosa nililofanya katika bustani yake.

Tunda lenyewe ni gusberi, ambalo Waluo wa Migori na Homa Bay huliita nyamtonglo. Ni kitunda cha mviringo, kidogo kama gololi, chenye rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, nacho hukua kikiwa kimefungwa ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Wengi wenu mlilila utotoni mkitoka shule, na kwa sababu hiyo hamkuwahi kulifikiria kuwa zao. Mimi niliyezaliwa Taveta na kusomea kilimo kwa bidii nyingi nilikuwa na kisingizio kibaya zaidi: katika daftari langu la chuo mmea huo ulikuwa kwenye ukurasa wa magugu.

Niliripoti Oyugis nikiwa na cheti kipya, viatu visivyofaa matope, na imani kubwa katika daftari hilo. Aliyekabidhiwa kazi ya kunifunza alikuwa Bwana Okumu, afisa mrefu, mkimya, aliyebakisha miaka michache kabla ya kustaafu. Wakulima walimwita Bwana Shamba, kama walivyowaita waliomtangulia. Mimi pia waliniita Bwana Shamba. Niliwasahihisha kwa muda wa mwezi mmoja, kisha nikaacha. Cheo hicho kilikuwepo kabla yangu na hakikuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya sketi.

Siku yangu ya kwanza shambani niliona mimea ya nyamtonglo imezunguka choo cha mkulima, nikaamuru ing'olewe. Mkulima alitii kwa adabu, watoto wakatazama kwa huzuni, nami nikasimama kando ya rundo kama mtu aliyeua nyoka. Bwana Okumu aliinama, akaokota tunda moja kutoka kwenye rundo langu, akalimenya, akalitia kinywani. Akatafuna bila haraka.

"Magugu tamu," alisema, akaenda kuwasha pikipiki.

Hakuniongezea neno, na mpaka leo ninaamini hiyo ndiyo hotuba bora niliyopata kusikia kuhusu mimea inayopuuzwa.

Alinifunza mambo mengi kwa uchache huo huo wa maneno. Mawili nayaandika kwa sababu yatahitajika hapa. La kwanza ni kipimo cha glasi. Mnyanya, kiazi mviringo, tumbaku, mnavu na nyamtonglo ni ukoo mmoja, na ukoo huo una adui wake, mnyauko wa bakteria, unaoishi udongoni miaka mingi. Mmea hulegea ghafla ukiwa bado wa kijani, kana kwamba umekosa maji, na ukimwagilia haunyanyuki. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache, kama ni mnyauko, nyuzi nyeupe kama maziwa zitashuka kutoka kwenye mkato. "Ukiona maziwa," aliniambia, "usitafute dawa. Tafuta njia ya kuzuia isitembee." Vijana wa sasa mnanitumia picha za majani yaliyolegea kwenye simu, mkitaka jibu kabla sijamaliza uji. Picha haiwezi kutumbukizwa kwenye glasi.

La pili ni usafi wa jembe. Kila tulipotoka katika shamba moja, Bwana Okumu alilisugua jembe kwa brashi, akalisuuza kwa maji yenye jiki, dawa ya kuulia vijidudu, aliyoyabeba katika chupa, kisha akazifanyia buti zake hivyo hivyo. Nilidhani ni unadhifu wa uzee. Nilipomuuliza, alinijibu, "Udongo ya huyu mama sipelekei yule." Nikaiga, kwanza kwa utiifu, halafu kwa mazoea. Mazoea hupungua bila mtu kutangaziwa.

Baada ya miaka nilihamishiwa Uriri. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Yunia, mjane aliyekuwa na boma lililopandwa minyaa pande zote, na nyuma ya nyumba bustani ndogo yenye mteremko, safu sita za nyamtonglo zilizofungwa kwenye vijiti kwa ustadi ambao sikuwahi kuuona hata katika vituo vya utafiti. Alikuwa amekataa tumbaku wakati majirani wake wote wakiilima. Nilipomuuliza sababu, alisema moshi wa kukaushia ulimfanya akohoe kanisani, na kiongozi wa kwaya hapaswi kukohoa. Niliandika jibu hilo kama lilivyo katika ripoti yangu. Mkubwa wangu alilifuta, akaandika "sababu za kiafya na kijamii".

Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikiwa na mkasi wa kuvunia, kwa nia ya kumwonyesha uvunaji wa kisasa.

"Mkasi ni ya nini?" aliniuliza. "Unataka kunyoa mti?"

"Ni ya kukatia matunda, mama. Ukivuta kwa mkono unaumiza tawi."

"Nani anavuta?" Akanishika kiwiko, akanipeleka chini ya safu ya kwanza. "Nyathina, hii kitu haichumwi. Hii inaanguka yenyewe. Wewe ukichuma, umeamua. Wacha mti iamue."

Nyathina maana yake ni mwanangu. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro na madaraka juu ya kata nzima. Nikauficha mkasi mfukoni.

Njia yake naieleza kwa ukamilifu, kwa kuwa sijaikuta katika kitabu chochote nilichosoma. Kila jioni, jua likiwa bado linaonekana, Mama Yunia alifagia ardhi chini ya vichaka vyake kwa ufagio laini wa nyasi, bila kukwaruza mizizi, mpaka ardhi ikawa tupu kama ua wa nyumba. Asubuhi, kila kilichokuwa chini kilikuwa cha usiku huo. Hakuhitaji kukisia kama tunda limelala hapo siku moja au tano, kama limenyeshewa, kama mchwa wamelifikia. Lililoanguka likiwa na ganda la rangi ya nyasi kavu liliingia kwenye kikapu. Lililoanguka na ganda bado la kijani lilitandazwa kwenye ungo kivulini siku kadhaa mpaka liive, na hakuruhusu mtoto yeyote alionje kabla ya hapo, kwa maana nyamtonglo mbichi huumiza tumbo. Lililopasuka walipewa kuku, ambao kwa siku nyingine zote walizuiwa nje ya ua kama wahalifu wanaojulikana.

Mambo mengine aliyajua kwa mikono. Alitikisa ungo na kusikiliza: maganda makavu yalichakarisha, yenye unyevu yalinyamaza, na yaliyonyamaza hayakuwekwa pamoja na mengine. Hakumenya tunda alilotaka kulihifadhi. Ndani ya ganda lake, mahali pakavu penye hewa, lilikaa wiki nyingi bila kuharibika. Samadi aliweka kidogo tu, kiganja kimoja kwa shimo. Mimi nilimshauri aongeze. Alinipa safu moja niifanye nitakavyo, nami nikaijaza samadi kwa ukarimu wa mtu asiyeibeba mwenyewe. Safu yangu ilitoa majani makubwa, ya kupendeza, marefu kuliko kichwa changu, na matunda ya kujaza kofia moja. Wageni walipokuja, Mama Yunia aliwapitisha hapo na kuwaambia, "Hii ni ya Bwana Shamba," kisha akaendelea na safari yake.

Mbegu alizichagua kwa kuonja. Katikati ya msimu alizunguka bustani, akala tunda moja la kila kichaka, akafumba macho, na kichaka kilichomridhisha akakifunga utepe wa kitambaa chekundu. Hakuna aliyeruhusiwa kula matunda ya utepe. Kwa kuwa alifanya hivyo msimu baada ya msimu tangu alipoolewa, nyamtonglo zake zilikuwa na utamu wenye ukali kidogo mwishoni ambao sikuupata kwingine, na nimeonja kwingi.

Nilipotumwa kwa muda kukisaidia kikundi cha akina mama huko Mbita, nilikwenda na mbegu zake na njia yake, nikaifundisha kama Injili. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri. Wakayaosha ziwani, maganda na vyote, kwa sababu ni watu wa samaki, na kwao kitu kinachopelekwa sokoni bila kuoshwa ni aibu. Siku ya tatu kikapu kizima kilikuwa na ukungu wa kijivu. Mkosaji nilikuwa mimi. Sikuwaambia wasioshe kwa kuwa Mama Yunia hakuwahi kuniambia. Naye hakuniambia kwa kuwa kwake maji yalikuwa mbali na wazo hilo halikuwahi kumjia. Mnapochukua ujuzi wa mtu kutoka kilimani kwenda ziwani, ulizeni kwanza ni nini hakulazimika kukisema.

Sasa nafika kwenye kesi yenyewe.

Mama Yunia alikuwa na mkwe, Awino, mke wa mwanawe pekee. Mwana huyo alifanya kazi mbali na alirudi nyumbani mara chache. Awino alitoka kisiwa cha Rusinga, na mamamkwe wake alipenda kumwita nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, na kumtania: "Wewe nyar Rusinga, shika jembe vizuri. Hapa hakuna samaki ya kuvua." Awino alijibu, "Mama, hata huku nikikosa samaki nitavua wewe," nao wakacheka mpaka kazi ikasimama. Nimeingia katika maboma mengi ambamo mkwe na mamamkwe hawakuweza kucheka pamoja. Katika boma hili waliweza, nami nililihesabu kuwa sehemu ya utajiri wa bustani ile.

Mwanzoni mwa mvua za masika ya mwaka mmoja nilikwenda kwanza kwa jirani wa mbali aliyelima nyanya. Nyanya zake zilikuwa zimelegea. Nilikata shina, nikatumbukiza, nikaona maziwa. Nilimwelekeza la kufanya, nikachimba mimea miwili kwa jembe langu mwenyewe ili kumwonyesha mizizi, na nilipofungua mfuko wa pikipiki, chupa ya jiki ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu kwa muda wa wiki mbili. Nilikuwa nikijiambia kila asubuhi kwamba nitapita dukani. Nililipangusa jembe kwa nyasi, nikalifunga nyuma ya pikipiki, nikaendelea kwa Mama Yunia.

Mama Yunia hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwenye matanga ya jamaa yake na angekaa siku mbili. Awino alinikimbilia getini. Mnajua desturi: mgeni haingii akiwa na mzigo mkononi. Alinipokea mkoba, akalipokea na jembe, akaniketisha barazani, akaniletea chupa ya chai na viazi vitamu. Nikafungua daftari langu, nikaanza kuandika kuhusu nyanya zilizolegea, kwa maandishi mazuri.

Nilipoinua macho nilimwona Awino juu ya bustani, kwenye kona ya mteremko, akichimba mashimo matatu kwa jembe langu. Miche mitatu ya nyamtonglo ilikuwa imebaki kwenye makopo tangu msimu uliopita na ilikuwa ikinyong'onyea. Mvua ilikuwa imenyesha, jembe lilikuwa mkononi, naye alitaka kuisaidia. Nilimwona waziwazi. Nilijua jembe lilikotoka. Nilijiambia kwamba nimelipangusa, kwamba kumwita mwenyeji na kumnyang'anya jembe alilolipokea kwa heshima kungekuwa utovu wa adabu, na kwamba chai ilikuwa moto. Kati ya sababu hizo tatu, ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kweli. Nikamimina kikombe cha pili.

Wiki chache baadaye miche ile mitatu ililala. Kisha vichaka vinne vikubwa vilivyokuwa karibu nayo vikalegea kwa siku moja, vikiwa vya kijani, vimebeba matunda.

Hapa lazima nieleze desturi kwa wale wenu mtakaopelekwa huko mkitoka mbali. Kwa Waluo wengi wanaoshika mila, upanzi una mpangilio: mama mwenye boma huanza msimu, ndipo wake za wanawe wafuate. Mtu akimtangulia mkubwa wake anavunja mpangilio huo, na uvunjaji unaweza kuleta chira, yaani mkosi unaomdhoofisha mtu au nyumba pole pole, bila jeraha linaloonekana, mpaka jambo lirekebishwe. Awino alikuwa amepanda katika boma ambalo Mama Yunia hakuwa ameanza msimu. Na sasa mimea ilikuwa ikidhoofika bila jeraha linaloonekana. Msomi gani angeweza kuleta ushahidi uliopangika vizuri kuliko huo?

Maneno yalienea katika chama cha akina mama wa kijiji, ambacho Mama Yunia alikuwa mwanachama. Mjomba wa marehemu mume wa Mama Yunia alituma ujumbe kwamba Awino asiguse tena udongo wa boma hilo, na pengine ingefaa akae kwao Rusinga mpaka wazee wakutane. Nilipofika nilimkuta Awino ameketi mlangoni mwa nyumba yake, begi limefungwa kando yake. Hakukimbilia kunipokea mzigo.

"Usinipe kitu, Bwana Shamba," alisema. "Siku hizi mkono yangu inaua."

Mama Yunia alikuwa bustanini, amesimama tu. Sikuwahi kumwona mahali pale bila kitu mkononi. Nilikata shina, nikaomba glasi ya maji, nikatumbukiza. Nyuzi nyeupe zilishuka. Nikamwambia ni ugonjwa wa udongo, wala si mkono wa mtu. Akauliza ugonjwa huo ulitoka wapi. Nikajibu kwamba ni vigumu kujua. Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari: "Mnyauko wa bakteria, chanzo hakijulikani." Ndiyo sentensi pekee ya uongo ninayokumbuka kuiandika kwa makusudi katika utumishi wangu, na ilikuwa na maneno matano tu.

Niliondoka, nikafika na pikipiki hadi darajani, nikasimama. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nikipiga hesabu ya mtu mwenye hatia. Nikisema kweli, hakuna mkulima wa eneo lile ambaye angenifungulia geti tena. Nisiposema, sentensi yangu ingekuwa sahihi ya kutosha kwa ofisi, lakini haikuwa na nguvu ya kumtoa Awino mlangoni. Ugonjwa usio na chanzo huacha nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa tayari na jina lake. Niligeuza pikipiki.

Nilimweleza Mama Yunia yote: nyanya, chupa tupu, jembe, baraza, chai. Alinisikiliza akitazama mteremko.

"Uliona akilima na hiyo jembe?"

"Niliona, mama."

"Na ukakunywa chai."

"Nikanywa."

Akanigeukia, akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi sikusema Awino. Wale wamesema, waambie wale."

Chama kilikutana Alhamisi chini ya paa la mabati la kanisa. Nilikwenda na glasi tatu, kisu changu kidogo na mashina matatu: la mnyanya wa yule jirani, la nyamtonglo ya kona ya juu, na la nyamtonglo ya safu ya mwisho chini, iliyokuwa nzima. Mama Dorina, mwekahazina wa chama na mwenye sauti kubwa kuliko wote, alinisimamisha kabla sijaanza.

"Na hiyo maji umeweka nini ndani?"

"Sijaweka kitu, mama."

"Mimi siamini maji ya mtu. Tutatumia yangu." Akamimina maji kutoka kwenye dumu lake, akainusa kila glasi, akaketi mstari wa mbele kama hakimu.

Tulingoja. Glasi ya kwanza ikashusha maziwa. Ya pili ikashusha maziwa. Ya tatu ikabaki safi, na hata Mama Dorina alipoinama mpaka pua ikakaribia kugusa maji, ilibaki safi. Ndipo nikasema kwamba ugonjwa wa glasi ya kwanza ulifika kwenye ya pili kwa jembe. Kwamba jembe lilikuwa langu, sikulisafisha, na kazi yangu ilikuwa kulisafisha. Kwamba Awino alilipokea mikononi mwangu kwa heshima, nami nilimwona akilitumia nikanyamaza.

Mama Dorina alizitazama tena glasi zote tatu. 

"Kwa hivyo," Mama Dorina alisema hatimaye, "chira ni wewe?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa bahati mbaya. Mwingine akaongeza, "Chira iko na pikipiki ya serikali!" na kanisa zima likacheka, nami nikasimama katikati ya kicheko hicho, nikiwa nimestahili kila punje yake. Awino, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alifunika uso kwa leso. Sikuweza kujua kama anacheka.

Lakini Mama Dorina hakuwa mtu wa kupotezwa na kicheko. Aliinua mkono. "Ugonjwa tumeona. Jembe tumesikia. Lakini huyu msichana alipanda mbele ya mama yake. Hiyo glasi haijajibu."

Alikuwa na haki. Glasi haijibu swali ambalo halikuulizwa kwa lugha yake, na mimi sikuwa na mamlaka ya kulijibu. Wote wakamgeukia Mama Yunia.

"Hiyo ni ya boma yangu," alisema. "Nitaijibu nikipanda."

Tulifanya kazi siku mbili. Vichaka saba vilivyougua viling'olewa na kuchomwa pale pale juu, bila kuburutwa kwenye mteremko. Kisha nikamweleza Mama Yunia neno gumu kuliko yote: pete nzima ya vichaka vilivyozunguka hivyo, vizima, vyenye matunda, ilipaswa kung'olewa pia, na mfereji uchimbwe chini yake ili maji ya mvua yasiteremshe udongo kwenye safu nne zilizobaki. Viwili kati ya vichaka vizima vilikuwa na utepe mwekundu. Nilijitolea kuving'oa mwenyewe ili asivitazame.

"Wacha," alisema. "Hizi zinanijua."

Aliving'oa kwa mikono yake, kimoja kimoja, akakung'uta udongo kutoka kwenye kila mzizi ndani ya shimo lile lile ulimotoka, kwa usahihi ambao Bwana Okumu angeutazama bila kusema neno. Sijawahi kuona mtu akipoteza kitu kwa ustadi namna ile.

Kwa muda wa miezi mitatu nilirudi kila wiki na glasi yangu, nikakata tawi la chini, karibu na ardhi, katika kila safu iliyobaki. Maboma mawili ya jirani yalikataa nisiingie. Mengine yaliniwekea beseni na chupa ya jiki getini, na mkulima akasimama kando na kuhakikisha nimesugua hadi mpini. Mkubwa wangu aliniandikia barua ya onyo ambayo mtaikuta katika lile faili, na ndiyo karatasi pekee humo ninayowashauri mwisome. Glasi zilibaki safi. Mjomba hakutuma ujumbe mwingine, lakini hakuufuta ule wa kwanza, na begi la Awino halikufunguliwa.

Msimu uliofuata Mama Yunia alifungua bustani mpya upande wa pili wa nyumba, kwenye ardhi ambayo haikuwahi kuona mnyanya wala tumbaku. Alikialika chama chote. Mjomba naye alikuja, akaketi kwenye kiti alichowekewa. Mimi nilisimama nje ya ua, mikono mitupu, kwa hiari yangu.

Mama Yunia aliingia peke yake na miche kwenye ungo. Alipanda safu ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, kiganja kimoja cha samadi kwa shimo, bila kusaidiwa na mtu. Alipomaliza shimo la mwisho alinyoosha mgongo, akasogea hatua moja kubwa upande wa chini, akaanza safu ya pili. Akapanda mche mmoja. Akapanda wa pili. Kisha akasimama, akaufuta mkono wake kwenye leso, akaita kwa sauti ya kwaya iliyofika mpaka barabarani:

"Nyar Rusinga! Kuja."

Awino alitoka katikati ya wanawake. Alivua viatu ukingoni mwa bustani, akaingia. Mjomba alijisogeza kwenye kiti chake lakini hakuinuka. Mama Yunia alimkabidhi mkwe wake ungo wenye miche yote iliyobaki.

"Mama," Awino aliuliza, "nianze wapi?"

"Anzia pale nimeachia."